Kiti cha Pweza Kwenye Ndoo ya Dobi

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuliona doa akaliacha. Ukimkaribisha chai, macho yake yako kwenye kitambaa cha meza. Ukimkumbatia kwa furaha, mkono wake mmoja unakukumbatia na wa pili unakupangusa bega. Mtaa mzima unamwita Dobi, na wengi hawajui kwamba ana jina jingine. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo, na nguo za kila mvivu wa jirani, mimi nikiwa wa kwanza.

Uani kwetu mabeseni yake yamepangwa kwa mstari: la kuloweka, la kusugua, la kusuuza, na la kusuuza tena, kwa sababu kwake yeye kusuuza mara moja ni kubahatisha. "Maji yakibadilika rangi hata kidogo, mwaga, jaza mengine." Hiyo ndiyo sheria yake kuu, na ameirudia mpaka kuku wa jirani wanaijua. Ishike sheria hiyo, msomaji, maana kidogo itoe roho.

Mimi ni mdogo wa mume wake. Chumba changu na chao vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na barazani ndipo ninaposukia nywele za watu. Mimi ni msusi, na msusi asiye na maneno ni kinyozi aliyepotea njia. Kwa hiyo ya nyumba ile nayajua, na nisiyoyajua ukuta hunisimulia.

Kaka yangu alikuwa fundi seremala kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa mtu wa mluzi. Ulimsikia kabla hujamwona. Siku moja msumeno wa mashine ukamla mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Aliporudi kutoka hospitali aliingia chumbani, akalala, akageukia ukutani, na akabaki hivyo. Hakutaka kuonwa. Kuoga alikwenda alfajiri majirani wakiwa bado wamelala, na akisikia hodi alivuta shuka mpaka kidevuni. Wenzake wa kiwandani walikuja, wakaongea na mgongo wake, wakaondoka. Mwisho wakaacha kuja, na mluzi nao tukausahau.

Dobi hakulia mbele ya mtu. Alifua. Tena alizidi kuzifua nguo za mumewe: mashati ambayo hayakuvaliwa aliyafua upya, akayatia wanga, akayapiga pasi yote, mikono yote miwili, ule wa kulia ukiwa na mkunjo mkali wa kuweza kukata mkate. Kisha akayatundika nyuma ya mlango.

"Wifi," nikamwuliza siku moja, maana mdomo wangu hauna pazia, "huo wa kulia unampigia nani pasi?"

"Shati ni shati," akasema, na hakuinua uso.

Mkasi haukuwa mbali. Angeweza kuukata mkono ule na kuupinda vizuri, shati likamkaa mumewe. Hakuthubutu. Kuukata kungekuwa kusema jambo ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisema ndani ya chumba kile.

Sasa mtu akitaka kulia anahitaji mahali. Chumbani kulikuwa na mume, uani nilikuwepo mimi. Ndipo Dobi akaanza kushuka ufukweni, ng'ambo ya soko, kule ambako hakuna mchanga wa kutembelea bali miamba mitupu, myeusi, yenye makali ya kuchana soli. Alikwenda maji yakiwa yamekupwa, bahari imejivuta mbali, akakaa juu ya jiwe, akalia anavyotaka.

Siku moja, katikati ya kilio chake, akaona doa. Lilikuwa kwenye ubavu wa jiwe, ndani ya dimbwi lililoachwa na bahari, rangi yake kama chungwa lililoiva kupita kiasi. Wengine tungelia tukamaliza. Yeye alifuta kamasi, akachutama, akaingiza mkono majini na kulikwangua lile doa kwa ukucha.

Doa likasogea.

Alirudi nyumbani ameloa mpaka kiunoni. "Wifi," akaniambia, "lina mikono. Mitano. Nimelikwangua likakunja mmoja, kama mtu aliyetekenywa."

Nilicheka mpaka mteja wangu akalalamika kwamba namvuta nywele. "Hicho ni kiti cha pweza, ile nyota ya baharini! Kila mtoto anakijua. Si nilidhani umeona jini?"

"Umewahi kumwangalia?"

"Nimemwona mara nyingi tu."

"Sikukuuliza kama umemwona," akasema, akaenda kubadili nguo.

Jibu hilo liliniuma. Basi kesho yake nikafunga kazi mapema, nikamfuata, nikilalamika njia nzima. Ndala zangu ziliteleza kwenye mwani. Kaa mmoja alinitolea macho nikapiga kelele. Dobi alikuwa mbele, anatembea ameinama, anakagua mawe kama anavyokagua mashuka juani, upande huu kisha upande ule. Na alivyokuwa anawaona! Mimi naona jiwe, yeye ananyoosha kidole, na kweli, yuko pale: mmoja wa kahawia aliyejibana kwenye ufa, mwingine wa zambarau chini ya mwani, mwingine mdogo kama kifungo cha koti. Kumbe walikuwa wamejaa, na mimi nimekulia hapo hapo nikiwakanyagia kando.

"Lala kifudifudi," akaniamuru.

"Na gauni hili?"

"Nitalifua mimi. Lala."

Nikalala. Akanionyesha mmoja aliyekuwa anapanda jiwe lililoinama, nusu yake imeachia, kwa hiyo tumbo lake lilionekana. Chini ya kila mkono kulikuwa na vijiguu. Si viwili, si kumi. Mamia, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinang'aa maji, na kila kimoja mwishoni kina kijikombe cha kushikia. Na vyote vilikuwa kazini. Hiki kinanyooka, kinapapasa, kinashika, kile kinaachia, kingine kinavuta. Hakuna kilichomgonga mwenzake. Kwenye ncha ya kila mkono palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko tundu la sindano, ambayo Dobi aliapa kuwa ni jicho.

Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa maji. Mnyama asiye na kichwa, asiye na mbele wala nyuma, anapanda jiwe kwa miguu mia, na hana wa kumwamrisha! Nilihisi nywele zimenisimama, na nywele ni kazi yangu, nazijua.

Akanionyesha na mwingine, aliyejikunyata juu ya kome. "Huyu yuko hapa tangu tulipofika," akasema. "Kome amejifunga, huyu anataka kumfungua. Hapigi, hagongi. Anavuta tu." Tukakaa. Jua likatuunguza migongo. Mwisho lile ganda likaacha uwazi mwembamba mno, na yule mnyama akatoa tumbo lake nje, mwenyewe, laini kama ute wa yai, akalipenyeza mle ndani kwenda kula huko huko. Nilimshika wifi mkono bila kukusudia.

Tangu hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anarudi na uso mwingine. Hakuwa ameacha kulia, ila sasa alilia akiwa na cha kutazama.

Kati ya wote alikuwa na mmoja wake, yule wa rangi ya chungwa, aliyemwita Mgeni, kwa mazoea ya mashuka ya nyumba ya wageni. Na baada ya kumwangalia siku nyingi ndipo aligundua kwamba Mgeni hakuwa na mikono mitano iliyo sawa. Minne ilikuwa mizima. Wa tano ulikuwa umekatika, labda kaa aliula, labda jiwe liliuponda, na mahali pake palikuwa na kijinundu. Juma baada ya juma kijinundu kikarefuka. Kikachongoka. Kikapata nukta nyekundu kwenye ncha.

Aliponiambia, nilimwona machoni wazo linakotaka kwenda.

"Wifi, usithubutu," nikasema. "Usimwambie kaka. Ataona unamdhihaki."

"Simdhihaki."

"Najua. Yeye hatajua."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jioni ile ile, wakati wa chakula, ukuta ukanisimulia. Nilisikia sauti yake ikieleza polepole, kijinundu, ncha, nukta. Kisha sauti ya kaka, ambayo sikuwa nimeisikia kwa ukubwa ule tangu ajali.

"Kwa hiyo nisubiri nami niote? Mimi ni mdudu wa baharini?"

"Sikusema hivyo, mume wangu."

"Basi bahari yako iache huko huko. Usiniletee humu ndani."

Sahani ikasukumwa. Kitanda kikalia, nikajua amegeukia ukutani, upande wangu, na kati yetu hapakuwa na kitu zaidi ya tofali moja. Nililia mimi kwa niaba ya wote.

Mwanamke mwingine angekoma. Asubuhi kadhaa baadaye nikamwona Dobi anatoka na ndoo.

"Unakwenda kumchukua yule mnyama," nikasema.

"Nakwenda."

"Amekukataza!"

Akaweka ndoo chini. "Sikiliza, wifi. Sitaki aamini kwamba mkono wake utaota, mimi si punguani. Nataka aangalie. Basi. Mimi niliangalia nikapata pa kuweka macho yangu. Yeye ana ukuta tu. Akiendelea na ukuta huu ataniacha mjane ilhali anapumua."

Nikamshikia mlango.

Hakumbandua Mgeni, maana alishajifunza kwamba ukimvuta unamkata vijiguu. Aliinua jiwe dogo alilokuwa amelishika, na Mgeni juu yake, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari. Alifika nyumbani jua limeanza kukaza. Akaipitisha ndoo uani. Na hapo uani, msomaji, ugonjwa wake ukampanda. Maji yalikuwa na mchanga. Yalikuwa na vipande vya mwani, na povu pembeni. Mgeni wake, anayempeleka kwa mumewe kwa mara ya kwanza, akae kwenye maji ya namna hiyo? Akamwaga nusu. Akafungua bomba, akajaza mengine, masafi, yanayong'aa. Nilimwona kwa macho yangu, na sikuona kosa; mimi nilifikiri maji ni maji.

Akaingia nayo chumbani, akaiweka juu ya kigoda kando ya kitanda, akatoka bila neno. Akaenda kwenye pasi zake. Mimi nikaendelea na kichwa cha mteja, mama mmoja muuza vitambaa, ambaye nilikuwa nimemsuka upande mmoja na upande wa pili umesimama kama kiota.

Ukuta ulikuwa kimya. Kitanda kililia mara moja. Nikasuka mstari mmoja mzima.

"Mke wangu!" Ilikuwa sauti ya kaka, na ilikuwa ya hofu. "Mke wangu, njoo!"

Tulivamia mlango sote, na mteja wangu nyuma. Kaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama juu ya ndoo, uso karibu uguse maji. Hakuwa anautazama ukuta. Shuka lilikuwa limeanguka chini na hakujali.

"Alikuwa anatembea," akasema. "Alipanda mpaka hapa, karibu na ukingo. Nilikuwa namwona. Halafu ameachia. Ameanguka."

Mgeni alikuwa chini ya ndoo, amelegea. Mikono yake minne ilikuwa imekosa nguvu, ncha zimejikunja kwa juu, na vile vijiguu vyote vimerudi ndani. Hakuna kilichocheza.

"Umemtia maji gani?" kaka akauliza.

"Ya..." Dobi akatazama ndoo, kisha mikono yake. "Ya bomba. Yalikuwa machafu, nikayabadili." Nikamwona anaelewa. "Hayana chumvi." Akaketi sakafuni palepale, mikono kichwani. "Nimemuua. Nimemsuuza nikamuua."

Yule anayejua kila doa na dawa yake hakujua la kufanya. Alilia mbele yetu, kwa sauti, kilio cha siku zote zile. Kaka alimtazama mkewe. Akaitazama ndoo. Kisha akasimama, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaelekea mlangoni.

Pale kizingitini akasimama. Nje kulikuwa mchana kweupe. Alikuwa amevaa fulana isiyo na mikono, na kigutu chake kilikuwa wazi, bado kina wekundu wa kovu. Nilitaka kusema, nipe mimi ndoo nikimbie nayo. Maneno yalifika kwenye meno. Nikayameza, na kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa sawa na kumeza jiwe.

Akatoka.

Tulipita mtaa mzima hivyo: kaka mbele na ndoo inayomwagika, Dobi peku akifuta machozi, mimi na kitana mkononi, na mteja wangu na nusu ya kichwa. Fundi viatu akaacha nyundo hewani. Muuza chai akasimama. Watu walitazama, kwa nini wasitazame?

"Fundi!" mmoja akapaza sauti. "Za kupotea?"

"Nzuri!" kaka akajibu bila kusimama. "Nina mgonjwa!"

Bahari ilikuwa imeanza kurudi. Maji yalishaingia kwenye madimbwi, na mawimbi madogo yalikuwa yanapanda miamba. Dobi akamwonyesha mwamba wa Mgeni. Kaka akapiga magoti majini, akamtoa Mgeni kwenye ndoo, akamweka kwenye kiganja na kukizamisha.

"Usimtikise," Dobi akasema, amechutama pembeni yake. "Mwache aisikie chumvi."

Tukangoja. Mgeni alikaa kwenye kiganja kama tambara. Wimbi likaja, likaenda. Likaja jingine. Maji yakampanda kaka mapajani. Mteja wangu alikuwa anaomba dua chini kwa chini, kwa ajili ya mnyama ambaye asubuhi ile asingemtupia jicho.

"Kuna kitu," kaka akasema.

Tukainama sote.

"Kimoja. Kimenigusa." Uso wake ulibadilika. "Kingine. Mke wangu, vinatoka. Vinanishika. Ananishika mkono!"

Niliinama nikaona. Kwenye kiganja kile kilichokuwa kikijua randa na patasi, kikawa hakijui kitu tena, vijiguu vilikuwa vinatoka kimoja kimoja, vinapapasa, vinang'ang'ania. Ncha zikajinyoosha. Wimbi kubwa zaidi likampiga kaka ubavuni, akayumba, na ili asianguke akakishusha kile kigutu majini na kukiegemeza kwenye mwamba. Chumvi ilimchoma, nilimwona akikunja uso. Hakukiondoa. Tangu ajali hakuwa amekitumia kwa lolote.

"Nimtoe?"

"Usivute," Dobi akasema. "Ukivuta utamkata. Ngoja akuachie mwenyewe."

Basi akangoja, mtu mzima, amepiga magoti baharini mchana kweupe, ameshikwa mkono na kiti cha pweza. Maji yakafika kiunoni. Watu walikuwa wamejaa juu ya ukuta wa soko na hakuna aliyecheka. Mgeni akainua mkono mmoja, akaugusisha mwambani. Kisha wa pili. Akaanza kuhama, polepole mno, kutoka ngozi kwenda kwenye jiwe, na wa mwisho kuondoka kiganjani ulikuwa ule mkono mdogo.

"Hata huu nao unavuta," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Mdogo hivi. Nausikia unavuta."

Mgeni akaingia chini ya mwamba wake. Kaka alibaki na kiganja kimefunguka ndani ya maji, anakitazama. Dobi akaweka mkono wake juu yake, naye akaufumbata.

Kesho yake asubuhi Dobi alikuwa barazani anapiga pasi, mimi nasuka. Mlango ukafunguka, kaka akatoka na kigoda, akaketi kando ya meza ya mkewe, juani. Dobi hakuthubutu kumtazama, alivuta tu shati jingine. Akapiga kola, akapiga mgongo, akapiga mkono wa kushoto. Akaunyoosha na wa kulia, akainua pasi.

Kaka akaweka kiganja juu ya ule mkono wa shati.

"Huu usiupige pasi," akasema. "Ukate."

Nikampitishia wifi mkasi wangu bila kuombwa. Aliushika, akafungua makali yake juu ya kitambaa.

"Nikate wapi?" akauliza.

Kaka akainua kigutu chake, akakilaza mezani juu ya kitambaa, ili aone.

"Hapa," akasema. "Na ufanye upesi, maji yanakupwa."